Meza ya Chai ya Kilo Sitini na Tatu

Taipei, 5 Juni 1995

Kwa Bwana Hsiao Tien-fu,
fundi mstaafu wa Karakana ya Injini za Ndege ya Luchuan,
sasa mkazi wa Douliu.

YAH: SAHANI YA FENI NAMBARI 417

Ofisi ya Usalama wa Anga inachunguza sahani iliyotajwa hapo juu. Kama unavyofahamu, sahani hii ya kilo sitini na tatu ndiyo inayoshika mapanga ya feni mbele ya injini. Mwaka jana kiwanda kilichoziunda kilitangaza kwamba sahani kumi na moja, zote zilizotoka kwenye chungu kimoja cha titani, zina dosari ndani ya chuma isiyoonekana kwa macho. Amri ikatolewa: zing'olewe, zikatwe kwa msumeno, na vipande vihesabiwe, asije mtu akazirudisha angani.

Nimehesabu vipande katika ghala la Luchuan. Ni vya sahani kumi. Ya kumi na moja, nambari 417, ina cheti cha kuangamizwa cha tarehe 8 Februari chenye mihuri miwili: wako kama mkataji, na wa mtunza ghala, Bwana Peng Jui-kun, kama shahidi. Cheti kipo. Vipande havipo.

Tafadhali eleza kwa maandishi: uliikata? Kwa msumeno gani? Vipande viliwekwa wapi?

Yu Man-ching,
Mkaguzi

Shikamoo Mjomba. Haya ya chini ni yangu mwenyewe. Nilimwambia mkurugenzi kwamba wewe ni kaka wa mama yangu, nikaomba kazi hii apewe mwingine. Akasema amejaribu, lakini hapa ofisini hakuna mwingine anayeweza kusoma mwandiko wako. Kwa hiyo usipige simu. Kila neno liwe kwenye karatasi, na kila karatasi itaingia kwenye jalada. Mama anauliza kama unakula vizuri.

*

Douliu, 9 Juni 1995

Mpwa wangu Man-ching, mkaguzi mkubwa wa serikali,

Marahaba mwanangu. Barua yako ilipofika, mleta barua aliona ile nembo akanikabidhi kwa mikono miwili kama ananipa mtoto mchanga. Mtaa mzima umeshajua kwamba serikali imeniandikia kuomba ushauri. Sikuwasahihisha. Mtu akitaka kukuheshimu, mwachie nafasi.

Kwanza ujue unayemuuliza ni nani. Nimekaa na injini miaka thelathini na mmoja. Shuleni niliishia darasa la sita, tena la sita lenyewe nililiona kupitia dirishani, lakini wahandisi wenye vyeti vya kujaza sanduku walikuwa wakikwama wanasema, "Mwiteni A-Fu." Nikiweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha kwenye injini, nakutajia beringi gani inaumwa na mke wa rubani anaitwa nani. Nimefika Amerika pia, wiki mbili kamili. Wazungu wakaniuliza kwa mkalimani, "Umejuaje kwamba hii ina ufa?" Nikawajibu, "Na nyie mmekosaje kujua?" Mkalimani alikataa kutafsiri.

Sasa majibu ya serikali. Ndiyo, niliikata. Kwa msumeno. Ilikatika kama tofu. Vipande viliwekwa panapowekwa vipande.

Hilo limekwisha. Tuje kwenye ya nyumbani, ambayo ndiyo yenye maana. Mwambie mama yako ninakula vizuri, na chai ndiyo nakunywa vizuri zaidi, maana nina meza mpya ya chai ambayo tangu Douliu iwe Douliu haijaonekana. Ni ya chuma, mviringo, inang'aa kama paji la uso la waziri. Katikati ina tundu, kwa hiyo chai ya kusuuzia vikombe inapita yenyewe hadi kwenye ndoo. Pembeni ina nafasi thelathini na sita, na kila kikombe kinakaa kwenye yake kama mwanafunzi darasani. Haishiki kutu. Kinyozi wa jirani ameniomba aje kuipiga picha. Muuza tofu naye kaniuliza nimeinunua wapi, nikamwambia vitu vingine havinunuliwi, vinastahiliwa.

Njoo unywe chai, uache kuhesabu vyuma vikuukuu, utazeeka kabla yangu.

Mjomba wako,
Tien-fu

*

Taipei, 13 Juni 1995

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma mara tatu: mara moja kama mpwa, mara mbili kama mkaguzi. Nilipokuwa mpwa nilicheka hadi jirani yangu wa meza akaniuliza kuna nini. Nilipokuwa mkaguzi sikucheka.

Titani haikatiki kama tofu. Sahani moja kati ya zile kumi ilichukua siku nzima na kula meno sita ya msumeno. Daftari la vifaa linaonyesha kwamba tarehe 8 Februari hakuna aliyechukua hata jino moja.

Jana Bwana Peng amesimamishwa kazi. Wakubwa wa Luchuan wanaamini ameuza 417 kwa wale mawakala wanaonunua vyuma vilivyokataliwa, wakavisugua, wakaviandikia vyeti vipya na kuviuza kama vizima. Wanataka kumpeleka kwa mwendesha mashtaka. Amebakiza miezi minane astaafu. Nilimuuliza mara nne kama aliiona ikikatwa. Mara nne amenijibu neno lile lile: "Muhuri ni wangu." Kisha anatazama viatu vyake.

Mjomba, sahani ya feni ya aina hii ina nafasi thelathini na sita za mapanga. Katikati ina tundu. Haishiki kutu.

Kiserikali sijakuuliza chochote kuhusu samani za nyumbani kwako. Nitakuuliza Jumatatu. Ukiniandikia kabla ya hapo, itaandikwa kwenye jalada kwamba ulisema kwa hiari yako.

Mpwa wako,
Man-ching

*

Taoyuan, 14 Juni 1995

We A-Fu,

Mimi sijambo, kama ulikuwa na mpango wa kuuliza. Leo ni siku ya tatu niko nyumbani. Mke wangu alizoea kuniona jioni tu. Sasa ananiona mchana kutwa, na amegundua kwamba ninapumua kwa sauti. Jana kaniambia nikapumulie kibarazani.

Unaijua vizuri sababu. Mihuri yetu yote sita ilikaa kwenye kopo la biskuti juu ya meza yangu, aliye karibu anampigia aliye mbali, na kazi inakwenda. Tulifanya hivyo miaka yote wala hapakuwa na neno. Sasa kaja huyo mpwa wako, na yale macho yake kama taa za uwanja wa ndege, ananiwekea cheti mbele: "Bwana Peng, uliiona ikikatwa?" Natazama muhuri, ni wangu. Natazama ulivyopigwa, naona mkono wako. Umeupiga kichwa chini miguu juu, A-Fu! Miaka thelathini na mmoja, na bado hujajua muhuri juu yake ni wapi.

Na iko wapi, najua pia. Nani alikusaidia kuipandisha kwenye lori, imeviringishwa kwenye blanketi, huku unaniapia kwamba ni mashine ya kufulia ya dada yako? Nilipata maumivu ya kiuno wiki mbili. Nilikuwa nikijisemea, huyo dada anafua nini, mawe?

Sijasema kitu. Usidhani ni mapenzi. Nikisema, utazunguka kisiwa kizima mpaka kufa kwako ukisimulia jinsi Peng alivyokuuza. Nataka useme mwenyewe, kwa huo mdomo wako ambao umesema bila likizo tangu nikufahamu, ukaja kuchagua wiki hii ndiyo ya kunyamaza.

Mke wangu anakusalimu. Nimeyaacha maneno yake, mengine hayaandikiki.

Peng Jui-kun

*

Douliu, 17 Juni 1995

Man-ching mwanangu,

Weka barua hii juu kabisa ya jalada, na ukiwa na kalamu nyekundu piga mstari chini ya sentensi inayofuata. Peng Jui-kun hana kosa lolote, ila kosa la kuwa rafiki yangu, na hilo ameshalitumikia kifungo.

Sikukata. Muhuri wake niliupiga mimi. Sahani iko hapa mbele yangu, na juu yake kuna birika.

Nitakueleza, si kwa kujitetea. Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani. Saa, mwanangu! Tena inachelewa. Miaka thelathini na mmoja nimeshika injini zilizopeleka watu kuoa, kuzika, kufanya mitihani, kwenda kugombana na mashemeji, halafu nirudi nyumbani na saa ya plastiki? Nilitaka kitu kimoja ambacho mikono yangu ilikijua. Msimamizi aliniambia nikishakata ile sahani nichukue kipande cha ukumbusho. Nilipoitazama, ile mviringo yake, ile nakshi ya pembeni, mkono ukakataa kuwasha msumeno. Ingekuwa kama kuchinja farasi kwa sababu ana kikohozi. Nikajisemea, shida yake ni kuruka tu. Asiruke. Akae anywe chai.

Na hapo ndipo ninapokuomba uwatulize hao wakubwa wako. Amri inataka nini? Inataka ile mbovu isirudi angani. Basi, haijarudi. Hakuna rubani duniani awezaye kurusha meza ya chai. Iko salama kuliko ingekuwa ghalani, maana hapa inalindwa na mimi mchana, na majirani wanaoionea wivu wanailinda saa zote. Amri nimeitimiza, ila kwa njia ya mkato.

Kwa hiyo mrudishe Peng kazini leo, kesho umekawia. Mke wake amemtoa nje akapumulie kibarazani. Na kama kuna wa kwenda kwa mwendesha mashtaka, niandikie siku na saa, nitakuja na suti yangu ya Amerika.

Mjomba wako mwenye kosa,
Hsiao Tien-fu

*

Taipei, 20 Juni 1995

Shikamoo Mjomba,

Ahsante. Najua barua ile ilikuwa nzito kuliko sahani.

Nimeisoma kwa mkurugenzi kwa sauti. Nilipofika kwenye farasi mwenye kikohozi, alitoka nje kidogo. Amekubali kwamba Bwana Peng atarudishwa mara tu 417 itakapokuwa mkononi mwetu. Lori litakuja Jumanne ijayo.

Kabla ya hapo, jambo moja. Jalada halifungwi kwa neno lako wala langu. Nambari imechongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa chini. Igeuze. Weka karatasi nyepesi juu ya nambari, sugua kwa penseli mpaka itokeze, unitumie karatasi hiyo. Usiniandikie nambari iliyo kwenye cheti, usiniandikie unayoikumbuka. Nataka ile ya kwenye chuma.

Najua utasema nakusumbua bure. Nisumbukie bure.

Man-ching

*

TELEGRAMU
Posta ya Douliu, 23 Juni 1995, saa tatu na dakika ishirini asubuhi

YU MAN-CHING OFISI YA USALAMA WA ANGA TAIPEI
SIMAMISHA NDEGE. SAHANI YANGU NI NZIMA. MBOVU IMO NDANI YA INJINI. TAFUTA NDEGE ILIYOFUNGIWA 592. MJOMBA

*

Douliu, 23 Juni 1995

Man-ching,

Nimepiga simu yako mara nne, nikaambiwa uko kwenye kikao; telegramu haingoji kikao, basi nikapiga telegramu. Sasa nimekaa posta hapa hapa kwenye benchi nakuandikia, kwa sababu umesema kila neno liwe kwenye karatasi, na kwa sababu nikikaa bila kufanya kitu nitaanza kupiga kelele.

Asubuhi niliwaita kinyozi, muuza tofu na wanawe wawili waliokwisha maliza jeshi. Nikawasimamia kama jenerali. "Shika huku! Wewe usicheke, utaangusha mali ya taifa!" Tukalitoa birika, tukaigeuza sahani, kinyozi akabanwa kidole akatukana ukoo wangu hadi babu wa tatu. Nikaweka karatasi, nikasugua. Ikatokea 592.

Nikasema penseli mbaya. Nikachonga nyingine. 592. Nikamwambia muuza tofu asome yeye, maana pengine miwani yangu inanisaliti. Akasoma, "Mia tano tisini na mbili, Mzee A-Fu, ni nambari ya bahati nasibu?"

Nikakaa chini, mwanangu. Si kwenye kiti. Chini.

Sasa nakumbuka, na andika hivi hivi ninavyosema. Kulikuwa na sahani mbili kwenye kona ile, kila moja kwenye toroli lake. 417 ilikuwa na ile kadi nyekundu ya kukataliwa, yenye maandishi ya Kiingereza, imefungwa kwa waya. 592 ilikuwa nzima, inangoja injini. Siku moja kabla ya mkesha wa mwaka mpya wa Kichina, mwishoni mwa Januari, tulifanya usafi mkubwa, na mimi, kama kila mwaka, nikabandika karatasi nyekundu za heri kwenye kila kitu: mlangoni, kwenye winchi, kwenye birika la ofisini, na kwenye toroli la 592. Mhandisi mkuu alipopita akafoka, "A-Fu! Katika karakana hii, nyekundu ni ya vitu vilivyokufa tu! Toa takataka zako zote!" Watu walikuwa wamebeba mifuko, kila mtu anawahi gari akale chakula cha mkesha kwao. Nikakimbia huku na huku nabandua. Nilibandua kila chekundu nilichokutana nacho. Kadi ya 417 ilikuwa imelowa mafuta, imekunjamana, nikaiona ni mojawapo ya zangu. Nikaing'oa na waya wake. Na ile ya heri kwenye 592 nikaisahau.

Tarehe nane nilipokwenda kuchukua ya kukata, nilitafuta nyekundu. Nikaiona. Nyekundu ni nyekundu. Sikusoma karatasi, sikusoma chuma. Mimi ninayesikia beringi kwa bisibisi sikuinamisha kichwa nikasoma tarakimu tatu.

Iliyobaki kona ile ikawa haina kadi yoyote. Waliokuja baada yangu walijua 417 imekatwa, cheti kipo, mihuri miwili ipo. Basi hii iliyobaki itakuwa 592, wangefikiri nini kingine? Wakachukua makaratasi ya 592 kabatini, wakaifunga kwenye injini.

Nimekuwa nikinywa chai juu ya iliyo nzima miezi minne, na mbovu inabeba watu.

Mtu wa dirishani ananitazama. Sina mzaha leo. Niambie tu kama umeipata.

Tien-fu

*

Taipei, 27 Juni 1995

Mjomba,

Tumeipata. Hakuna aliyekufa. Nimeandika hilo kwanza ili usirukie mwisho wa barua.

Telegramu yako iliingizwa kikaoni saa nne kasoro tano. Makaratasi yalisema 592 imefungwa mwezi Machi kwenye injini ya kushoto ya ndege moja ya shirika la Haiyan. Nikapiga simu uwanja wa ndege wa Kaohsiung. Ndege ilikuwa imeshafunga milango, abiria tisini na sita wamekaza mikanda kuelekea Hualien. Nikasema isiondoke.

Mkurugenzi akaniuliza, "Kwa ushahidi gani?" Nikampa telegramu. Akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. "Mjomba ni nani?" Nikasema, "Wangu." Sijui nilikuwa na uso gani, lakini hakuuliza tena. Aliichukua simu mkononi mwangu akarudia amri kwa jina lake.

Abiria waliteremshwa. Mama mmoja mwenye kikapu cha laichi alikataa kushuka. Akasema amepanda ndege mara mia bila serikali kumsaidia, na matunda yataharibika. Ilibidi nahodha ambebee kikapu ndipo amfuate. Alishuka akimwambia, "Kijana, nikikuta hata moja imepungua, namwandikia waziri."

Jioni injini ikafunguliwa. Kwenye chuma pamechongwa 417. Wakaipima kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Ndani kabisa, kwenye shina la nafasi ya panga la kumi na tisa, kuna ufa wenye urefu wa punje mbili za mchele. Nimewauliza wahandisi ingedumu safari ngapi. Mmoja akasema labda mia mbili. Mwingine akasema labda ile ya asubuhi. Nimeandika majibu yote mawili.

Sasa mengine, na haya ni ya kiserikali. Leseni yako imefutwa moja kwa moja. Maelezo yako ya tarehe 23 yatasomwa katika kila karakana ya ndege kisiwani, pamoja na jina lako. Jalada limekwenda kwa mwendesha mashtaka, na nimeandika ndani yake kwamba ulijitaja mwenyewe na kwamba telegramu ilikuwa yako. Sijaandika zaidi ya hapo. Luchuan nao wana kesi yao ya kujibu: waliofunga injini walisoma karatasi, hakuna aliyesoma chuma. Bwana Peng amerudi kazini na onyo kali. Kopo la biskuti limechukuliwa, ni kielelezo namba nne.

592 ni nzima, lakini sahani iliyotoka ghalani bila ulinzi na kumwagiwa chai miezi minne hairuhusiwi kuruka tena. Lazima ikatwe. Nimeomba uikate wewe, na Bwana Peng ashuhudie. Wamekubali.

Nimekukasirikia, Mjomba, sijawahi kumkasirikia mtu hivi. Na nimetembea na telegramu yako kwenye mkoba siku nne.

Man-ching

*

Douliu, 30 Julai 1995

Man-ching mwanangu,

Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta najisifu, nikachana. Hii ni ya tano.

Kukata tumekata. Ilichukua siku nzima na meno saba, kwa hiyo nimevunja rekodi ya karakana, lakini hilo usiliandike. Peng alisimama kando yangu mikono nyuma kama mkwe asiyeridhika na mahari. Jino la nne likavunjika. Ndipo akasema, "Mashine za kufulia za siku hizi imara sana." Nikacheka mpaka ikabidi nizime msumeno. Yeye hakucheka. Lakini alinipa maji. Kipande cha mwisho kilipoanguka kila mtu alichukua muhuri wake mfukoni mwake, akapiga kwa mkono wake. Nilipiga wangu polepole, nikahakikisha juu ni juu.

Kwa mwendesha mashtaka nimekwenda mara mbili. Nilivaa suti. Aliniuliza kama nina la kusema, nikajibu maswali yake tu. Karani wake, aliyekuwa ameshaambiwa habari zangu, alionekana amevunjika moyo.

Sasa nikueleze lililotokea juzi, maana utalisikia kwa wengine na watalikoroga.

Gazeti liliandika kwamba fundi mstaafu wa Douliu ameokoa watu tisini na sita kwa telegramu moja. Ni kweli, ila ni nusu. Nusu nyingine hawakuwa nayo. Mkuu wa mji akasoma, akaagiza ubao wa heshima. Unanifahamu, Man-ching. Tangu nikiwa mdogo nataka ubao. Ule hasa, mbao nyeusi, herufi za dhahabu, jina langu pembeni. Nilikuwa nikipita kwenye nyumba za madaktari nasoma zao huku najiambia, ipo siku.

Juzi wakaja. Fataki, kitambaa chekundu, mkuu wa mji na miwani yake, na mtaa mzima nyuma yake. Kinyozi amevaa tai. Peng naye alikuwepo, alikuja asubuhi na basi kuona kama kweli nitasimama niupokee. Hakuniambia hivyo, lakini alikaa mstari wa mbele amekunja mikono, ananitazama.

Wakavuta kitambaa. MLINZI WA MAISHA YA WENGI. Ile dhahabu, mwanangu! Ilikuwa nzuri mno. Nilijua kabisa kwamba nikinyamaza dakika moja tu, na mimi nisiyejua kunyamaza, ungekuwa wangu na haki yangu.

Mkuu wa mji akanipa kipaza sauti. Nikapanda juu ya kasha la tofu. Nikasema, "Jamani, ile ndege ilikuwa hatarini kwa sababu yangu."

Wakacheka. Walidhani ninaanza kichekesho. Nikasema, "Sikilizeni," nikawaeleza yote. Karatasi za heri, kadi niliyong'oa, muhuri niliouiba, rafiki yangu aliyekaa kibarazani siku nenda siku rudi. Nikawaambia, "Meza mliyokuwa mnaionea wivu, kila kikombe mlichonyweshwa pale, kulikuwa na watu angani wanakilipia." Mahali fulani katikati walikoma kucheka. Fataki moja iliyochelewa ikalia peke yake, hakuna aliyegeuka.

Nilipomaliza, mkuu wa mji alisimama na ubao mikononi kama mtu aliyeleta keki kwenye msiba. Akaninong'oneza, "Mzee A-Fu, sasa huu tuupeleke wapi? Jina lako limeshachongwa."

Ni Peng aliyeinuka. Akauchukua ubao, akauangalia, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo, akaingia nao sebuleni kwangu. Tukasikia nyundo. Alipotoka akasema, "Tayari. Kuna chai hapa au tumekuja kusikiliza hotuba?"

Watu wakaingia. Nina meza ya mbao sasa, inashika madoa, mguu mmoja mfupi. Wakakaa, wengine walinitazama upande upande, muuza tofu hakunywa, akaondoka mapema. Hiyo ni haki yake. Kinyozi alibaki.

Ubao uko ukutani, juu ya mlango, mahali pazuri kabisa. Peng ameupigilia uso ukitazama ukuta. Kinachoonekana ni mbao tupu na misumari minne. Kila mgeni akiingia anauliza, "Mzee A-Fu, mbona hiki mmekitundika kinyumenyume?"

Basi namwambia akae, namimina chai, naanza kusimulia.

Mjomba wako,
Hsiao Tien-fu